Siku Kengele Ziliponyamazishwa

Kiangazi chote kile Burga aliamshwa na kengele kabla jua halijatoka. Si kengele ya shule, msije mkamhurumia bure. Zilikuwa kengele za ng'ombe, zikilia shingoni mwao walipokuwa wakisukumana kuingia kukamuliwa. Burga alinawa uso kwenye hori la mbao, maji baridi hata meno yakauma. Akala ribel, yaani unga wa mahindi uliokaangwa kwa siagi mpaka ukawa chengachenga, akashushia kahawa iliyokuwa na maziwa mengi kuliko kahawa. Kisha akachukua fimbo yake akapanda malisho ya juu.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Huku kwetu Triesenberg, kijiji cha mteremkoni, watoto wa umri huo hupelekwa milimani nyuma ya kitongoji cha Steg kusaidia kazi za mifugo. Kazi ya Burga ilikuwa kuchunga mitamba, ng'ombe wadogo wa kike ambao bado hawajazaa. Asubuhi awafungulie lango, mchana awaangalie wasisogelee genge, jioni awarudishe ndani ya ua, awahesabu, ateremke kwenye banda kumwambia Mzee Gebhard, mkuu wa wachungaji, "Wote wapo." Kazi nyepesi, utasema. Nyepesi kweli, kwa mtu ambaye akili yake hukaa mahali pamoja.

Akili ya Burga haikukaa. Ukisimama ukingo wa juu wa malisho yale, unaiona karibu nchi yetu nzima: mto Rhine, mashamba ya mizabibu, na ngome ya Mtemi wetu imekaa juu ya jabali kama kuku anayeatamia. Nchi yenyewe ni ndogo hivi kwamba ukipiga chafya, Mswisi ng'ambo ya mto anakuambia "afya." Lakini Burga aliiona kubwa. Alikaa hapo akiwawaza wahenga wetu, waliokuja kutoka magharibi na mifugo yao wakakuta bonde zuri limeshachukuliwa na wenzao, wakaachiwa mteremko. Mpaka leo kwetu mtu akiangusha kiazi mlangoni, anakwenda kukiokota kwa jirani wa chini.

Zaidi ya yote aliwawaza watu wadogo wa mwambani. Wazee husema zamani waliishi kwenye nyufa za miamba, wakawachungia watu mbuzi bila kuonekana. Wanakijiji wakawashonea nguo mpya za kuwashukuru. Watu wadogo wakazivaa, wakajitazama, wakaona wamependeza mno kufanya kazi, wakaenda zao. Burga aliamini bado wapo, wamechoka tu kupendeza.

Sasa, siku moja kabla ya mifugo kushushwa kijijini, ukungu ulipanda kutoka bondeni pole pole, mweupe kama maziwa yanayoumuka. Milima ikatoweka mmoja mmoja. Burga alikuwa amepita langoni na kukaa kwenye jiwe upande wa pili, anatazama. Kila kitu kilikuwa kimya na laini. Aliona kama vivuli vidogo vinatembea ndani ya weupe ule, vimebeba ndoo. Akakaa hapo muda ambao mwenyewe hakuujua. Alipozinduka, lango lilikuwa wazi nyuma yake. Alikuwa amelipita bila kulifunga.

Akakimbia kukusanya mitamba. Akahesabu. Akahesabu tena, akiwagusa mgongoni. Mmoja hakuwepo: Mira, yule wa kijivu mwenye sikio lililochanika, mtamba wa fundi viatu Alois. Burga aliita hadi sauti ikakauka. Ukungu ulimeza kila neno.

Alishuka kwenye banda mbio, amekusudia kusema. Lakini alipoingia, Mzee Gebhard na binti yake Irmina walikuwa wakimjaribishia ng'ombe Flora taji la maua ya karatasi. Katikati ya taji ulikuwepo moyo wa mbao uliopakwa rangi, mwekundu na wa dhahabu. Moyo huo huvaliwa na ng'ombe aliyetoa maziwa mengi kuliko wote kiangazi kizima, na Flora alikuwa wa Bibi Filomena, bibi yake Burga. Nyumba yao haikuwahi kupata moyo tangu babu afe.

"Simama vizuri, bibi harusi," Irmina alikuwa akimwambia ng'ombe. Kisha akamgeukia Burga. "Mbona umekuwa mweupe hivyo, umemwona shetani?"

"Ukungu," Burga akasema.

"Wote wapo?" akauliza Mzee Gebhard, macho yake yako kwenye taji.

Hapa inabidi mjue desturi yetu. Mwaka ambao mnyama hata mmoja amepotelea mlimani, mifugo yote hushuka bila maua, bila utepe, bila moyo. Kijiji kikiona ng'ombe watupu, watu huvua kofia na kukaa kimya. Burga aliutazama moyo ule.

"Wote wapo," akasema.

Usiku aliota watu wadogo wanampeleka Mira ndani ya mwamba, na Mira anageuka kumtazama.

Asubuhi ukungu ulikuwa palepale. Wenye mifugo walipanda kutoka kijijini kusaidia, wamevaa mashati safi na harufu ya sabuni. Mitamba wakateremshwa kuchanganywa na ng'ombe wakubwa, kila mmoja akavishwa kengele yake ya sherehe, nyingine kubwa kama sufuria la harusi. Makelele yake hayasemeki. Watu walizungumza kwa kupigiana kelele masikioni.

Kati yao alikuwemo fundi Alois, mtu mfupi mwenye vidole vyeusi kwa nta. Maishani mwake hakuwa na mnyama mwingine ila Mira. Mkononi alishika mkanda mpya wa shingo aliomshonea mwenyewe, umechorwa nyota pembeni, na mfukoni alikuwa na chumvi.

"Mbona simwoni mwanangu?" akasema, akichungulia huku na huko.

"Yumo humo ndani ya huo ukungu," Mzee Gebhard akamjibu. "Unataka akuletee kiti? Burga kawahesabu jana."

"Aa, kama Burga kahesabu, basi." Alois akatabasamu na kumgeukia Burga. Akamkabidhi ule mkanda. "Mvalishe wewe, mama. Mimi mikono inanitetemeka kwa furaha, utafikiri nimeposa."

Burga akaushika mkanda. Ngozi ilikuwa laini, imepakwa mafuta, bado ina joto la mkono wa fundi. Alijaribu kuondoka nao. Akageuka.

"Hayupo," akasema.

"Sema kwa sauti, kengele hizi!"

"Mira hayupo. Niliacha lango wazi jana. Nilijua. Nikasema wote wapo."

Tabasamu la Alois halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni peke yake kwa kitambo, kama mtu aliyesahauliwa na wenzake kituoni. Irmina alikuwa ameshika utepe mdomoni, akautoa.

"Tangu jana?" akasema. "Na usiku kucha ukalala?"

"Irmina, funga mdomo ufungue macho," Mzee Gebhard akasema. Hakumpiga Burga wala hakumkemea, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Aliangalia ukungu kwa muda, akasikiliza zile kengele, akakunja uso.

"Kuona hatuoni," akasema. "Labda tusikie. Mira anayo njuga yake ndogo ya kila siku. Lakini kwa fujo hii hata malaika akipiga baragumu hatutamsikia. Zibeni kengele zote. Nyasi kavu, kila mtu."

Wakaziziba. Mwenye mnyama na asiye na mnyama, wote walibeba nyasi kavu na kuzishindilia ndani ya kengele, moja baada ya nyingine. Kengele ya Flora ilikuwa ya mwisho, na Burga ndiye aliyeiziba. Mlima ukanyamaza. Sijui kama umewahi kusimama katikati ya ng'ombe wengi wasio na sauti, ndani ya ukungu. Walionekana kama wameota mizizi. Pumzi zao zilipanda, zikaungana na weupe. Hapakuwa na anayekohoa. Alois alishika kofia yake kifuani.

Wakangoja. Burga alifumba macho. Safari hii hakumwaza mtu mdogo yeyote. Alisikiliza tu.

Mbali, chini, upande wa genge, kitu kililia. Ting. Kikanyamaza. Ting.

"Kule," Burga akanong'ona, na kidole chake kilikuwa kimeshaonyesha.

Mira alikuwa kwenye kijukwaa cha mwamba kilichotokeza chini ya ukingo, mahali ambapo huwezi kulaza hata godoro. Alikuwa ameteleza hapo, akashindwa kupanda, akawa na akili ya kutokujaribu kushuka. Mguu wa nyuma ulikuwa umevimba. Walishusha kamba. Mzee Gebhard akateremka mwenyewe, huku Alois juu akimpa maelekezo ambayo hayakuhitajika.

"Polepole, bwana, mshike tumboni."

"Alois, ukitaka tubadilishane, sema."

Ilichukua karibu asubuhi yote. Mira alipotoka juu, alilamba chumvi yote mfukoni mwa Alois, na kipande cha mfuko.

Kwa kuwa hapakuwa na mnyama aliyepotelea mlimani, maua yalibaki vichwani na moyo ukabaki kwa Flora. Nyasi zikatolewa, kengele zikaanza tena. Lakini Mira alitembea kwa kuchechemea, na desturi ni kwamba mifugo haimwachi mgonjwa nyuma, kwa hiyo wote walitembea mwendo wake. Wakafika kijijini alasiri. Bendi ilikuwa imeshakwenda kula. Wageni waliokuja na kamera walikuwa wamepanda basi lao kurudi mji mkuu, Vaduz, kununua stempu za ukumbusho. Mezani palibaki mikate michache na nyigu.

Watoto wa mlimani hutangulia mbele ya msafara, wamevaa kofia za maua. Burga aliomba akae nyuma, na Mira. Na kwa kuwa nyumba zetu zimepangwa juu ya barabara kama ngazi, kila mlango ulikuwa na mtu.

"Mbona mmechelewa hivi?" akauliza mke wa mwokaji.

Mzee Gebhard alimtazama Burga.

"Niliacha lango wazi, mtamba wa fundi Alois akapotea, nikasema yupo," Burga akasema, machozi yanamlenga.

Nyumba ya pili, swali lilelile. Nyumba ya tatu, vivyo hivyo. Kufika kanisani alikuwa akijibu kabla hajaulizwa, na sauti imenyooka. Mzee mmoja kiziwi alimfanya arudie mara mbili.

Bibi Filomena alikuwa amekaa kizingitini, ameshasikia yote. Kijijini kwetu habari hushuka haraka kuliko ng'ombe. Flora akasimamishwa mbele yake na moyo wake kichwani. Bibi akampapasa pua, kisha akamwita mjukuu wake akae karibu.

"Umekasirika, bibi?"

"Nimekasirika, ndiyo. Nitamaliza baada ya chakula." Akamshika mkono. "Sikiliza, mjukuu wangu. Lango hata mimi nimeliacha wazi mara ngapi, na babu yako ndiyo usiseme. Mtu huota, mtu husahau. Tungetoka jana ileile na taa na kamba tukamtafuta. Lakini uliposema wote wapo, nani angetoka? Uongo wako ndio uliotuketisha kitako, mnyama akakaa mwambani usiku mzima peke yake. Ukikosea, sema upesi, watu waanze kutafuta. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Haya. Kuna tambi za jibini na mchuzi wa tofaa jikoni. Kula, kisha uchukue ile dawa ya kuchua uende kwa Alois ukaukande mguu wa Mira. Na kesho. Na keshokutwa, mpaka atembee."

Burga alikula haraka, akaingia barabarani na chupa ya dawa chini ya kwapa. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda tena. Alipofika kwa fundi Alois alifungua lango la ua, akapita, akageuka na kulifunga. Akalivuta mara ya pili, kuhakikisha.