Abiria wa Kiti cha Mbele

Gari la Barmou lilipoingia gereji siku ile, kengele ya mkanda ilikuwa inalia. Delou aliisikia hata kabla injini haijazimwa: ti, ti, ti, ile kengele ya kumkumbusha abiria wa mbele afunge mkanda. Akainama dirishani amsalimu huyo abiria. Kiti kilikuwa kitupu.

"Umeweka mzigo gani hapo, kaka Barmou?"

"Sina mzigo." Barmou alitazama pembeni. "Mimi nimeleta injini, dada. Hayo mengine achana nayo."

Mafundi wa umeme wa magari walikuwa wengi pale mjini Maradi, ila fundi mwanamke alikuwa Delou peke yake. Zamani wenzake walimcheka, "Mwanamke na betri wapi na wapi?" Siku hizi walimletea kimyakimya magari yaliyowashinda. Hakuwa mtu wa kubadilisha vifaa kwa kukisia. "Kubahatisha ni kamari," alikuwa akisema, "na mimi ni Mwislamu."

Gari lenyewe lilikuwa la dizeli, la viti saba. Bodi lilikuwa limechakaa, lakini ndani lilijaa kompyuta. Barmou alilitumia kuwatoa wajawazito vijijini, kaskazini, na kuwafikisha hospitali ya wazazi mjini. Huko vijijini halikuwepo gari jingine. Alhamisi iliyopita injini ilikata njiani huku mwanamke akiwa na uchungu kiti cha nyuma. Ikagoma saa nzima. Mama wa watu akajifungulia mchangani, Barmou ameshika kanga juu kama pazia, uso ameugeuzia upande wa pili.

"Mungu alisaidia wakapona wote wawili," alimwambia Delou. "Safari ijayo tutazika mtu."

Delou akachomeka mashine yake ya kupimia chini ya usukani. Hitilafu zikajipanga kwenye kioo chake: kompyuta ya injini haisikii sensa ya mzunguko, presha ya mafuta inashuka ghafla, kompyuta mbili hazielewani. Nyingi kwa mpigo. Delou alijua kwamba zikija kundi namna hiyo, mara nyingi ugonjwa ni mmoja. Akafuata nyaya kwa vidole, kama mtu anayetafuta mshipa. Nyuma ya betri akakuta waya wa ethi, ule unaounganisha betri na bodi la gari, umeoza, umefanya ukungu wa kijani, na jirani yake fungu la nyaya limesuguana na chuma mpaka shaba ikawa nje. Akakata, akalehemu, akaviringisha utepe, akasugua pale pa kufungia ethi mpaka pakang'aa. Injini ikawaka mara moja, ikatulia.

Hitilafu zote zilifutika isipokuwa moja. Abiria wa mbele hajafunga mkanda.

Akafungua ukurasa wa vipimo. Gari lile lilimpima abiria uzito, ili mfuko wa hewa ujue ufumuke kwa nguvu kiasi gani ajali ikitokea. Kioo kiliandika kilo hamsini na mbili. Delou alipokuwa bado anaangalia, namba ikashuka hadi arobaini na tisa, ikapanda hamsini na tatu, ikarudi hamsini na mbili ikatulia, kama mtu anapojisogeza akae vizuri.

"Sensa imelewa hii," akasema, akacheka kidogo.

Akachomoa plagi chini ya kiti. Hamsini na mbili. Akaleta spana, akafungua boliti nne, akakitoa kiti chote na kukiegemeza ukutani. Pale kilipokuwa palibaki bati tupu na vumbi. Kengele ikaendelea kulia, na kioo kikaendelea kusema hamsini na mbili, na kutoka kwenye lile bati tupu ikampanda puani harufu ya udongo uliolowa mvua iliyochanganyika na maziwa mabichi, na huo ulikuwa mwezi wa upepo wa vumbi, mvua haijaonekana miezi minne.

Delou alizima mashine. Akauliza kwa sauti ndogo, "Barmou. Nani amekaa hapa?"

Barmou aliketi juu ya tairi kuukuu.

"Kwani unamwona?"

"Simwoni. Nauona uzito wake."

Ndipo akasimulia. Wiki tatu nyuma, adhuhuri, akirudi mtupu kutoka vijijini, alimkuta mwanamke amesimama kando ya barabara, tumbo kubwa, hana mtu wala furushi. Akamwomba amfikishe kwenye kichuguu chekundu, ng'ambo ya mto Goulbi uliokauka, watu wake wanamngoja. "Nikamwapia, dada. Nikamwambia wallahi nitakufikisha. Akapanda mbele. Tukaenda kimya. Kisha akaanza kuongea na tumbo lake taratibu, kama wafanyavyo kina mama, nami nikatabasamu. Tumbo likamjibu."

"Likamjibu vipi?"

"Kwa maneno! Likamuuliza, 'Huyu dereva ni mtu mwema?'"

Barmou alisimamisha gari. Akamwambia mwanamke kuna tairi limepata pancha, ashuke kidogo. Aliposhuka, Barmou akaliondoa gari mbio bila hata kufunga mlango.

"Na kengele?"

"Ililia kabla sijafika mbali. Haijanyamaza mpaka leo."

Delou alikirudisha kiti mahali pake, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Siku ya nne Barmou alirudi. Injini ilikuwa imekata tena, palepale pa mara ya kwanza. Delou alipima upya; nyaya zake zilikuwa salama, ethi safi, betri imejaa. Uzito ulikuwa kilo hamsini na nane.

"Anaongezeka," Delou alinong'ona. "Yuko karibu."

Wakaenda kwa Gwamma, bibi aliyekuwa akiwapunga watu wenye majini tangu ujana wake. Gwamma aliwasikiliza huku akikoroga fura kwenye kibuyu, mtama na maziwa, wala hakushtuka.

"Mnataka nimfukuze?" akauliza. "Kwa kosa lipi, wanangu? Mmempandisha kwa kiapo. Aliyepandishwa kwa kiapo hashushwi kwa ubani. Mfikisheni aendako."

"Bibi, mimi naogopa," Barmou akasema.

"Vizuri. Hofu hiyo ungekuwa nayo kabla hujaapa."

Wakaondoka kesho yake adhuhuri. Barmou ameshika usukani, Delou kiti cha nyuma na mashine mapajani, waya umepita katikati ya viti. Kila Barmou alipokaza mwendo kuelekea Goulbi injini iliimba. Moyo ulipomsinyaa akalegeza mguu, taa zote za dashibodi ziliwaka pamoja na injini ikaanza kukohoa. Upepo ulikuwa umeinua vumbi mpaka jua likawa kama sahani ya bati, barabara haionekani hatua ishirini mbele, na humo ndani ya gari, kwenye kiti kisicho na mtu, mwanamke akaanza kuguna, kwanza mara mojamoja, kisha mfululizo, kama wagunavyo wanawake wanaojizuia wasipige kelele mbele ya wanaume, na katikati ya miguno ile sauti nyingine, ndogo, nyembamba, ikauliza, "Tumefika?" na ya kwanza ikajibu, "Bado kidogo," na Delou, aliyekuwa ameuma upande wa mtandio wake, akaona namba kwenye kioo ikipanda sitini, sitini na moja, ikitetemeka, na Barmou akilia kwa sauti huku mguu haumtoki kwenye mafuta, mpaka kile kichuguu, chekundu kama nyama, kikasimama mbele yao.

Barmou akakanyaga breki. Mlango wa mbele ukafunguka.

Kiti kililia, springi zikapanda. Sifuri. Halafu kutoka kwenye vumbi, mahali pasipo nyumba wala mtu, vikasikika vigelegele vya wanawake wengi, vimejaa furaha kiasi kwamba nywele za Delou zilisimama.

"Funga mlango, ondoa gari!" akasema. "Usigeuke!"

Walirudi kasi. Kengele kimya, injini laini kama mpya, Barmou anasoma dua na kucheka, anacheka na kulia. Minara ya Maradi ilipoanza kuonekana, harufu ya maziwa ikajaa garini, na kengele ikalia mara moja tu. Delou hakutaka kutazama. Akatazama.

Kilo tatu.

Waligeuza gari siku hiyohiyo. Ng'ambo ya Goulbi hawakukuta kichuguu, ila mchanga tambarare usio na hata alama ya tairi. Wakarudi kwa Gwamma wakamweleza. "Ulimwacha mama njiani," akamwambia Barmou, "naye amekuachia mwana. Sijui ni kisasi, sijui ni shukrani. Wenzetu wale hawavitenganishi sana."

Tangu hapo injini haikukata tena hata mara moja. Wajawazito wa vijijini walifika hospitali salama, wakashangaa tu kwa nini dereva anawapanga wote nyuma. Kila mwezi Barmou alipita gereji, na Delou alipima. Kilo tano. Kilo saba.

Mwezi wa nane tangu siku ile alikuta kilo tisa.

"Hicho kitu kinakua," alisema kwa sauti ya chini. "Barmou, liuze gari. Lichome moto."

Barmou akaweka kiganja juu ya kile kiti kitupu, polepole, na usoni hakuwa na hofu hata kidogo. Jambo hilo ndilo lililomfanya Delou arudi nyuma hatua mbili.

"Usimwite kitu, dada. Ana jina."

"Umempa wewe?"

Barmou akatikisa kichwa kukataa.

"Juzi ameanza kusema. Kanitajia mwenyewe."