Mstari wa Saba

Mkanda wa saa ulimkatikia karani wa zahanati mlangoni mwa soko, Jumamosi asubuhi, mahali ambapo hata mtu mwembamba hupita kwa ubavu. Saa ilianguka, ikapigwa teke na kiatu cha mtu, ikaserereka hadi chini ya meza ya fundi saa. Karani aliinama kuitafuta, gauni lake la kijani lenye vifungo vyeupe likikanyagwa na wapita njia. Alipoinua uso alimkuta mwanamume ameshaishika, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, shati limepigwa pasi mpaka ukosi unasimama wenyewe.

"Dakika moja tu, Fundi. Nina haraka."

"Saa imesimama. Haraka yako unaipima kwa nini?"

"Kwa njaa."

Fundi alicheka, akamsogezea kigoda. "Kaa basi, Dakika."

Jina likamganda. Jumatatu alirudi kwa sababu mkanda unabana, Jumatano kwa sababu umelegea, na Ijumaa hakuwa na kisingizio, akaja hivyo hivyo. Kibanda cha pili, nyuma ya ukuta wa mbao, alikuwako Mama Pasi, dobi mjane mwenye ulimi usiolala.

"Fundi, saa hiyo haiponi?" alipaza sauti. "Au mgonjwa ni mwenye saa?"

"Mgonjwa ni fundi, mama," akajibu Fundi, na karani akaficha uso kwenye mkoba.

Mapenzi ni kikohozi, walisema wahenga, hayawezi kufichika. Ya hawa wawili yalikuja na kikohozi chenyewe. Karani alikisikia kwanza kwenye simu, kikavu, kikimkata Fundi maneno katikati.

"Laazizi, hiyo ni wiki ya nne sasa."

"Vumbi la soko, Dakika wangu."

"Vumbi halimkondeshi mtu. Njoo upime. Mimi si niko pale pale zahanati? Faili lako nitaliweka mwenyewe."

"Na watu?"

"Watajulia wapi? Siri yako iko kifuani mwangu."

Akaenda, kwa kuwa aliyemwambia ni yeye. Ikawa kifua kikuu. Vidonge vya miezi sita, kila siku bila kuruka, na ukiruka ugonjwa unarudi na meno.

Sasa, kazi ya karani pale zahanati ilikuwa takwimu. Kila mwisho wa mwezi aliandaa orodha ya wagonjwa wapya, ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Majina hayakuandikwa. Ziliandikwa jinsia, umri, mtaa na kazi, ili watu wajue ugonjwa uko wapi, na waliokaa karibu waje kupima. Nia ilikuwa njema, tusiseme uongo. Mwaka uliotangulia ubao ule ule uliwaleta watu watatu mapema, na wote wakapona.

Fundi alikuwa mstari wa saba. Muuguzi alikuwa ameandika kila kitu isipokuwa kazi. Karani hakuuliza kwa nini. Alichojua ni kwamba orodha yenye mapengo hurudishwa, na kwamba kisanduku kitupu humkera kama kokoto ndani ya kiatu. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: fundi saa. Akaenda nyumbani na moyo mweupe, kwa kuwa jina hakuliandika.

Mji mzima ulikuwa na fundi saa mmoja. Ni mji ambao ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakuombea afya. Orodha ilibandikwa asubuhi, na kufikia adhuhuri wateja walikuwa wakipita mbele ya kibanda wameziba pua kwa viganja. Muuza chai alimtengea Fundi kikombe chake peke yake, akakifunga uzi mwekundu asije akakosea. Mwanamke mmoja alikuja kuchukua saa yake kabla haijatengenezwa, akaipokea kwa kitambaa.

Jioni ile simu ya karani iliita.

"Kumbe kifua chako kina matundu."

"Mpenzi, nisikilize. Sikuandika jina lako."

"Bora ungeliandika jina! Majina yanafanana. Mafundi saa tuko wangapi?"

Karani aliibana simu sikioni.

"Nilimwomba muuguzi aiache kazi wazi," akaendelea Fundi, sauti imeshuka. "Akakubali. Ni mgeni mjini, hakujua ninachofanya, na sikumwambia. Uliyekuwa unajua ni wewe, Dakika. Na ulijua kwa kuwa ulikaa kwenye kigoda changu."

Simu ikakatika, na haikupatikana tena. Fundi alifunga kibanda akaenda kwa dada yake, mji wa jirani. Kwenye kadi yake ya dawa visanduku vilianza kubaki vitupu, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hivi karani hakuweza kuvijaza. Alivitazama kila asubuhi akalia, kwa kuwa alijua kila kimoja kinamaanisha nini.

Siku moja alikwenda kwa Mama Pasi. Mwanamke yule alikuwa amekonda, na nyuma ya moshi wa makaa alikuwa akikohoa kikohozi ambacho karani alikifahamu.

"Mama, twende ukapime. Nakuomba. Ulikaa ukuta mmoja naye."

Mama Pasi hakuinua macho kwenye shati. "Mwanangu, uniandike 'mwanamke, hamsini na mbili, dobi'? Nani atanipa shuka lake tena? Fundi ana dada wa kumkimbilia. Mimi ninayo hii pasi."

"Safari hii sitaandika hivyo."

"Maji yakimwagika, mwanangu, hayazoleki. Nenda kazini."

Karani alikwenda kwa mkuu wa zahanati akataka safu ya kazi ifutwe kwenye orodha ya ubaoni. Mkuu akakataa. Bila kazi, aliuliza, waliokaa na mgonjwa wapatikane vipi? "Tumwombe mgonjwa mwenyewe atuonyeshe," alisema karani. "Ubao unatuletea watatu na kutukimbizia kumi." Walibishana wiki mbili. Siku mkuu alipokubali, Mama Pasi alikuwa ameshazikwa.

Fundi alikuja mazikoni. Shati lake lilikuwa na makunyanzi, ukosi umelala. Alisimama nyuma ya watu wote, kitambaa mdomoni, mpaka karani akamwendea katika khanga yake nyeusi.

"Kikohozi kile nilimpa mimi," alisema Fundi. Macho yalikuwa mekundu.

"Na woga nilimpa mimi."

Fundi hakumwambia hapana. Alikohoa, akageuza uso ili asimkoholee.

"Fundi, nichukie tu. Lakini umeze dawa. Nimeshazika mmoja."

Asubuhi yake Fundi alisimama kwenye dirisha la zahanati. Kwa kuwa alikuwa ameacha dawa, ilibidi aanze upya, na safari hii hakuna aliyemwahidi kwamba zitamkubali. Karani alitoa kadi mpya.

"Waliokaa karibu nawe," alisema, "ungependa tuwaite vipi?"

"Nitawapitia mwenyewe, kibanda kwa kibanda. Nikisema mimi ni habari yangu. Ukisema wewe ni wizi."

"Nikusindikize?"

"Utasimama mbali, nisikilizwe mimi."

"Sawa." Aliandika umri, akaandika mtaa. "Kazi?"

"Iache wazi."

Akaiacha. Kisanduku kilibaki cheupe katikati ya karatasi, na kwa mara ya kwanza hakikumkera.

"Msimamizi wa dawa? Lazima awe mtu wa kukuona ukimeza kila siku."

Fundi alitia mkono mfukoni, akatoa saa ya karani, aliyokuwa amebaki nayo, ikiwa na mkanda mpya, akaiweka dirishani. Ilikuwa inatembea.

"Jiandike wewe."

"Na hapa wanauliza uhusiano."

"Andika mchumba."

Kalamu ilisimama. Machozi yalimdondokea karani kwenye kadi, akayafuta kwa kiganja.

"Baada ya yote haya?"

"Bado nina hasira, Dakika. Miezi sita ni mingi, labda itaisha. Labda mimi nitatangulia kuisha." Alijaribu kutabasamu. "Hiyo ya mchumba unaweza kuibandika ubaoni ukitaka."

Karani aliandika. Kisha aliitia kadi kwenye jalada, akalitia kabatini, akageuza ufunguo.