Sweta la Wilfred Larter

Sweta liliibwa saa nne asubuhi kwenye kamba ya nguo ya Obed Thirtle, nahodha wa meli ya uvuvi, na mwizi wala hakukimbia. Inspekta Utting alimkuta Mama Larter, jirani wa nyumba ya tatu, ameketi jikoni kwake amelikumbatia, bado linachuruzika maji.

"Mtie ndani!" Bi. Thirtle, aliyeingia na mumewe nyuma ya inspekta, alifoka. "Vita vimekwisha, nguo bado ni za mgao wa kuponi, halafu bibi mzima anatuanulia nguo!"

"Yaishe, Inspekta," mumewe akasema haraka. "Sweta tu hilo. Abaki nalo."

Utting alimkodolea macho. Huyu Thirtle aliyempeleka jirani mahakamani kwa kioo kimoja cha dirisha, leo anasamehe sweta?

"Mama, umeiba?"

"Naibaje kazi ya mikono yangu? Mwanangu alikuwa amelivaa usiku ule alioanguka."

Mji mzima ulimjua Wilfred, mtazama rada wa ndege ya kivita ya usiku. Machi 1944 ndege yao ilitumbukia baharini. Rubani aliokolewa, Wilfred hakuonekana tena. Mama yake alichotaka ni mwili tu, azike. Hakuupata.

"Masweta meupe yako tele," Thirtle alisema. "Hili kanifumia mke wangu."

"Mimi?" Bi. Thirtle alishangaa. "Hata soksi sijui kufuma! Ulitoka nalo baharini, ukalificha melini. Leo nimelitoa nikalifua, lilikuwa linanuka."

"Mama, lina alama gani?"

"Fumua pindo la chini. Nimeshona jina lake kwa ndani."

Utting akachukua wembe. Herufi nyeusi zikajitokeza: W. LARTER.

"Umelitoa wapi, Thirtle?"

"Nimeliokota ufukweni."

"Mwongo! Nimesoma maelezo ya rubani. Wilfred alilivaa chini ya ovaroli, na jaketi la kuokolea juu yake, mikanda imekazwa. Nani alimvua?"

Thirtle akautupia jicho mlango.

"Nani alimvua?" Utting alipiga meza, vikombe vikaruka.

"Alinasa kwenye wavu," Thirtle alinong'ona. "Alikuwa ameshakufa, naapa."

"Ukampeleka wapi?"

"Tulikuwa tunavua kule kwenye mabomu yaliyotegwa majini, eneo lililofungwa na jeshi la majini. Ningemleta bandarini, wangeniuliza nimemtoa wapi. Ningenyang'anywa leseni. Nikamfunga chuma, nikamrudisha baharini."

"Na sweta?"

"Lilikuwa zima. Na baridi ilikuwa kali."

Utting alimfunga pingu kwa hasira. Miaka miwili mtu huyu alipita mlangoni hapa akimwamkia mama wa marehemu! Bi. Thirtle alijifunika uso kwa aproni.

Mama Larter alisimama, sweta kifuani.

"Miaka miwili naitukana bahari kila nikiamka," alisema. "Kumbe bahari ilishanirudishia mwanangu. Wewe ndiye uliyemtupa."