Kucha Alizoziacha Onema

Jirani yetu wa mtaa wa Alunguli, Onema, aliongoza ngoma za Chama tawala enzi za Zaire, na kwa cheo hicho cha kurukaruka alijiona ndiye aliyeujenga mji wetu wa Kindu. Asubuhi moja alikuwa nyuma ya nyumba na wembe wake, akikata kucha za miguu kwa mviringo, akichimba pembeni mpaka kwenye nyama. Alikuwa amekalia kikaburi cha mtoto wa kwanza wa mkewe, Jamila. Mtoto huyo alikuwa wa mume mwingine, akafa anaanza kutembea, akazikwa hapo uani.

"Baba, kata sawasawa," Jamila alimwambia taratibu. "Ukichimba pembe, kucha itaingia mu nyama. Na okota vile vipande, ufukie mbali. Mutoto iko analala pale."

"Mutoto gani? Hii njo udongo tu, citoyenne," Onema akajibu, akimwita mkewe "mwananchi" kwa Kifaransa kama Chama kilivyoagiza.

Akavipangusia vipande vyote kaburini, akaondoka akipiga mluzi. Fidhuli mkubwa! Sikio la kufa halisikii dawa.

Wiki haikuisha, kidole gumba cha kushoto kikavimba na kutunga usaha. Na mgeni mkubwa wa Chama alikuwa njiani kutoka Kinshasa. Onema asipocheza, nafasi angepewa mchezaji mwenzake Isidore, aliyekuwa akiimezea mate siku nyingi. Akakimbilia kwa muuguzi. Muuguzi alichokoa pembeni, akavuta kipande cha kucha. Akavuta kingine. Hiki kilikuwa chembamba, laini, kidogo kuliko punje ya mchele.

"Hii si yako," muuguzi akanong'ona. "Ni ya mutoto."

Onema akamtukana, akaenda zake. Kwenda kuomba radhi kaburini aliona ni kujishusha, mpumbavu yule.

Siku ya ngoma aliingia uwanjani peku. Maumivu yakatoweka. Alicheza kuliko siku zote, mgeni akasimama kumpigia makofi. Kisha Onema akataka kutulia. Mguu wa kushoto ukakataa. Ngoma zikanyamaza. Mguu ukacheza. Watu wakacheka, halafu wakaacha. Ukamburuta nje ya uwanja, barabarani, mpaka uani kwake, ukamwangusha hapo.

Aliamka mguu umekufa ganzi. Isidore alishachukua nafasi.

Jamila alizitazama nyayo mchangani pale uani. Za kulia zilikuwa za mume wake. Za kushoto zilikuwa ndogo. Akapima mmoja kwa kiganja, akakaa chini akalia.

Mvua zimenyesha, nyayo zile ndogo hazijafutika. Jamila akifagia ua, hufagia kandokando yake tu.