Taa Mbili za Darajani

Jua lilikuwa linazama Sindano alipobisha hodi kwa mjane wa dereva, begi la vifaa begani. Jina hilo mafundi wenzake walimpa kwa sababu ya vidole vyake vyembamba, vilivyoweza kuingia ndani ya redio yoyote bila kugusa kisichovihusu. Kazi ya jioni hiyo aliiona mchezo tu: taa mbili ndogo nyekundu, za kuwaka na kuzima, kwenye daraja la reli la kuchezea. Nusu saa, kisha akaoge alale.

"Karibu, mwanangu," mjane alisema. "Simu yako iache hapa sebuleni ichajiwe. Kule chumbani soketi hazifanyi kazi."

Sindano akaiacha. Angejuaje?

Chumba kilikuwa mwisho wa ukumbi. Dirisha lilikuwa na nondo, na nje yake ukuta wa jirani. Katikati, meza kubwa kama kitanda cha watu wawili. Juu ya meza palikuwa na vilima vya karatasi ngumu, stesheni, mto uliopakwa rangi, na reli iliyozunguka kote. Juu ya mto, daraja la vijiti vyembamba, refu kama mkono wa mtu mzima. Marehemu, aliyekuwa dereva wa treni, alilijenga baada ya kustaafu. Kila kijiti alikibandika mwenyewe. Sasa alikuwa na miezi mitatu kaburini.

"Kazi safi hii," Sindano alisema. "Mbona taa hakuweka mwenyewe?"

"Alisema daraja lenyewe, lile la kweli, halikuwa na taa."

Mjane akatoka. Sindano akainama kazini. Alibandika taa moja kila mwisho wa daraja, akapitisha waya chini ya meza, akaziunganisha na saketi ndogo ya kuwashia na kuzimia, kisha betri.

Nyuma yake mlango ulifungwa.

Ufunguo ukazunguka. Mara mbili.

"Mama?"

"Usinichukie, mwanangu." Sauti ilitoka upande wa pili wa mbao, chini kabisa. "Fundi wa kwanza alikimbia hata hajamaliza. Wewe maliza tu. Nitakufungulia."

Sindano alitikisa kitasa. Mlango ulikuwa wa mbao nzito, haukucheza hata kidogo. Alikwenda dirishani, akashika nondo, akaziacha. Kelele zake zingeishia kwenye ukuta wa jirani. Akajiambia huyu ni mama wa watu, majonzi yamemvuruga akili. Akiona taa zinawaka atatulia.

Akaunganisha waya wa mwisho.

Taa zikawaka. Zikazima. Zikawaka.

Balbu ya darini nayo ikafa.

Giza.

Nyekundu. Meza, daraja, mto.

Giza.

Harufu ikamfikia kwanza… chuma kilicholowa na mafuta mazito ya garimoshi. Kisha sauti, kutoka pembeni kabisa, kule kulikokuwa na ukuta mtupu.

Ngo.

Kama nyundo inayopima chuma.

Nyekundu. Pembeni alisimama mtu.

Giza. Hatua… kokoto zilisagika, wakati sakafu ilikuwa ya saruji.

Nyekundu. Mtu alikuwa amesogea.

"Mama," Sindano alinong'ona, mgongo umebanwa mlangoni. "Kuna mtu humu."

"Ndiyo." Mjane alikuwa analia polepole. "Toka nimzike, kila magharibi namsikia humo anapapasa. Anagonga vitu. Haoni njia. Ndiyo nikasema awekewe taa, avuke, aje kwangu."

Giza. Kokoto.

Nyekundu. Karibu zaidi.

Hapo Sindano akagundua jambo. Taa zikiwaka, yule hasogei. Anatembea gizani tu.

Akajitupa chini ya meza. Vidole vyake vikatafuta saketi, vikaing'oa, vikaunganisha waya mbili moja kwa moja. Taa zikawaka, zikabaki zimewaka. Alipoinuka, waya zimebanwa kati ya vidole, yule mtu alikuwa ng'ambo ya meza.

Mwanga wa zile taa haukupanda mbali. Ulimfikia kifuani. Sindano aliona koti la kazi lenye mistari ya kung'aa, la wale wanaokagua reli kwa miguu. Aliona nyundo ya mpini mrefu. Juu ya mabega kulikuwa na giza tu.

Wakabaki hivyo. Akiziachia waya, giza litaingia. Akizishikilia, mlango uko nyuma yake na umefungwa. Jasho lilimtiririka mgongoni. Mikono ikaanza kutetemeka, na taa nazo zikatetemeka, na kila zilipotetemeka lile koti lilisogea kidogo.

"Mama," alisema, "mzee aliwahi kumgonga mtu kazini?"

Ubao wa mlango ulilia, mjane akiuegemea.

"Mara moja," mjane akasema. "Mkaguzi wa reli. Katikati ya daraja, jioni kama hii. Alipiga honi, lakini yule hakuwa na pa kukimbilia. Kulia maji, kushoto maji. Tokea siku hiyo mume wangu hakulala usingizi wa maana."

Betri ilikuwa inaishiwa. Wekundu uligeuka kahawia.

Kisha yule mtu akasema, kwa sauti kavu, bila haraka, kama anayeuliza njia:

"Dereva yuko wapi?"

Mjane alisikia sauti ya kiume. Akaubandika uso mlangoni, pumzi ikapita kwenye tundu la ufunguo.

"Ni yeye? Mwanangu, niambie. Ni mume wangu?"

Sindano alijua jibu la kweli. Alijua pia kwamba akilisema, mlango hautafunguliwa.

"Ndiyo, mama. Ni yeye. Fungua."

Ufunguo ukazunguka. Taa zikafa. Sindano alipita kando ya yule mama kama upepo, bega likamgonga. Alimsikia akisema kwa upole, "Karibu nyumbani, baba," na kokoto zikisagika kuelekea sauti hiyo. Hakugeuka. Begi aliliacha, simu aliikwapua mezani sebuleni bila hata kuichomoa kwenye waya.

Siku tatu hakufungua kibanda chake. Ya nne simu ililia. Ni mjane.

"Nimekupigia nikushukuru, mwanangu. Tunaishi naye vizuri. Anakaa tu kule chumbani gizani, hali, hanywi. Ila kuna neno. Kila jioni ananiuliza dereva yuko wapi. Namwambia dereva ni wewe, baba. Anakataa. Jana akaniuliza mimi ni nani wa dereva."

Sindano alikaa chini.

"Ukamjibuje, mama?"

"Bado. Nikasema nikuulize wewe kwanza, maana ulikuwa naye humo kabla yangu." Sauti ikashuka, kama ya mtu anayeziba simu kwa kiganja. "Siku ile uliponiambia ni yeye… uso wake uliuona?"

Magari yalipita barabarani. Mtu alicheka kibanda cha pili.

"Niliuona, mama," Sindano alisema.

"Basi. Umenitua mzigo. Nitamjibu leo."

Akakata.