Udongo wa Kunawia

Soko zima la Kariakoo lilimkimbia mbwa mmoja. Wauza nazi waliruka mafungu yao, wanawake wakakumbatia vikapu, na mzee mmoja mwenye kanzu ya kwendea msikitini akapanda juu ya meza ya papa mkavu, akasahau umri wake. Chini ya lile paa kubwa la chuma lililoachwa na Wajerumani alibaki mtu mmoja tu ambaye hakusogea. Alikuwa mwanamke wa buibui, ameufunua uso kidogo apate kuchagua bamia, na aliendelea kuzichagua mpaka akaridhika.

Jina lake Thuraya. Baba yake alikuwa Mwarabu wa duka, mama yake Mzaramo, wote wawili wametangulia mbele ya haki. Mumewe alikuwa amempa talaka kwa sababu ambazo hakuna aliyezielewa, nadhani hata mwenyewe. Sasa aliishi kwa ami yake Ghanim, muuza kanga wa Mtaa wa Swahili. Mtalaka anayekaa kwa ami yake hana pa kukimbilia, basi hata mbwa hamkimbii.

"Bibi, wewe huogopi?" aliuliza mwenye mbwa.

Alikuwa kijana mrefu wa kikosi cha zimamoto, kaptula ya kaki imenyooka kwa pasi, vifungo vya shaba vinang'aa, tarabushi jekundu limelala upande.

"Niogope nini? Huyo kafungwa kamba. Wewe ndiye hujafungwa."

Kijana alicheka mpaka akalishika tarabushi lisianguke. Akajieleza: yeye ni Tarsis, Mchaga wa Kilema, na mbwa ni Jeki, aliyeletwa na ofisa Mzungu kutoka Afrika Kusini. Askari Waislamu walikataa kushika kamba ile kwa sababu ya najisi, akapewa yeye Mkristo. Jeki alikuwa na kazi mbili. Nyumba ikiungua, aliingia kunusa watu waliofunikwa na kifusi. Moto ukizimwa, alinusa mafuta ya taa, ijulikane kama kuna mkono wa mtu. Akiyanusa habweki, huketi kitako mbele yake na kumtazama bwana wake usoni. Hapo alipo, alikuwa ameketi mbele ya mchuuzi wa mafuta ya taa, na mchuuzi alikuwa anatetemeka na chupa zake.

"Na akikosea?"

"Jeki hakosei. Binadamu husema uongo, huyu hata njia ya kuusema hana."

"Basi hongera, umeshaoa," alisema Thuraya, akatia bamia zake kikapuni, akaenda zake. Alipofika Mtaa wa Sikukuu ndipo alipogundua kwamba hakuzilipia.

Wakaanza kuonana Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini. Nyuma ya duka la Ghanim palikuwa na uchochoro, na hapo Bi Mwanamkuu, jirani yao mkongwe, alikaanga vitumbua vyake chini ya upenu wa makuti. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wao. Mtu akija upande ule alikohoa, na kwa kikohozi kile alistahili mshahara. Tarsis alipita na Jeki akijifanya yuko zamu, akanunua vitumbua asivyovila.

"Roho yangu, umependeza," alisema Ijumaa moja, Thuraya alipotoka na kanga mpya ya rangi ya zafarani, bado ina ukakasi wa dukani.

"Unaniona mimi au unaiona kanga ya ami?"

"Ninamwona mke wangu. Nimeanza kusoma kwa Maalim Sadalla. Nikisilimu, baada ya Idi naleta wazee."

Thuraya aligeuza uso ukutani akalia, kwa sababu tangu kuachwa hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno linaloanza na *baada ya*. Hicho ndicho alichokitaka duniani: mtu aje mchana, mbele za watu, amwombe. Alipojifuta machozi akarudia utani wake.

"Na nikikukumbuka katikati ya juma?"

"Kwa yule Mhindi muuza baiskeli kuna simu. Ukipiga, mimi ndiye nipokeaye."

"Niseme nini? 'Halo, naungua'?"

"Sema hivyo hivyo. Nitakuja."

"Afadhali nilichome duka la ami. Hapo utakuja mbio, kengele juu, na gari la maji!"

"Wee mwanamke, moto hautaniwi," alisema Tarsis, lakini naye alicheka.

Ijumaa iliyofuata Thuraya alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alinyoosha mkono akamgusa Jeki kichwani. Mbwa yule aliinua pua, akamlamba kiganja chote mpaka kwenye kifundo. Tarsis alitazama kama mtu aliyepewa zawadi, akaondoka akipiga mluzi.

Sasa, mkono uliolambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na Thuraya hakuwa mtu wa kuiruka sala. Ua wa ami yake ulikuwa wa sakafu tupu, hauna udongo hata wa kupanda mchicha. Akatoka uchochoroni, akainama pale pale ambapo wachuuzi wa mafuta ya taa humimina madebe yao kwenye chupa, akachota. Uchochoro wote ulinuka mafuta mwaka mzima, pua yake ilishazoea. Akausugua mkono barabara, akaosha mara sita kwa maji.

"Umelambwa na mbwa," aliuliza Bi Mwanamkuu huku akigeuza vitumbua, "au na mwenye mbwa?"

"Bibi nawe!"

Yalikuwa maneno ya mwisho kati yao. Alasiri, Bi Mwanamkuu akiwa amejilaza ndani, upepo ulivuma kwa nguvu, cheche ya jiko ikaruka kwenye makuti ya upenu, na kabla mtu hajamaliza kupiga ukelele nyumba ya Bi Mwanamkuu ilikuwa inawaka, na duka la Ghanim linafuata. Kanga ziliungua zikiwa bado zimekunjwa. Gari la maji lilikuja na kengele yake, Tarsis ananing'inia pembeni, na Thuraya, Mungu amsamehe, katikati ya moshi ule alifurahi kumwona.

Jeki aliingia kwenye kifusi, akabweka. Wakamtoa Bi Mwanamkuu, wakamfunika na kanga aliyokuwa ameianika mwenyewe asubuhi. Alikwisha kufa.

Moto ulipolala ofisa aliamuru mbwa anuse. Tarsis akamzungusha kwenye magofu, akampitisha mbele ya watu waliosimama wakilia. Mbele ya Thuraya mbwa alisimama, akaunusa mkono wake wa kulia, akaketi kitako.

Akamtazama Tarsis usoni, kama alivyofundishwa. Thuraya naye alimtazama. Alijua papo hapo kosa liko wapi, lilimpanda kichwani lote kwa pamoja, udongo, mafuta, ule mkono. Lakini angelisemaje mbele ya ami yake na mtaa mzima? Kusema alinawa ni kusema alilambwa, na kusema alilambwa ni kusema alikuwa na nani uchochoroni. Shahidi wake alikuwa chini ya kanga. Amebaki Tarsis, aliyeuona mkono ule ukilambwa. Akamngojea yeye.

Tarsis alimtazama mbwa.

"Ameketi, Bwana," alimwambia ofisa. Kisha akamgeukia Thuraya. "Thuraya, ulisema utalichoma."

Alilisema kwa sauti ya chini, ila si ya chini ya kutosha. Ami Ghanim alikuwa hatua mbili nyuma yake, na masizi usoni.

Polisi walimweka Thuraya ndani, wakamhoji, wakamwachia, kwa kuwa mbwa hawezi kuapishwa mahakamani. Lakini Kariakoo ina mahakama yake, haifungi wala haina rufaa. Sokoni wanawake waliondoa vikapu vyao alipopita. Wengine walisema alichoma duka amfuate askari, wengine walisema alimuua bibi wa watu kwa kuwa alijua siri. Kisimani alipofika, mazungumzo yalikatika. Hakuna aliyemtukana, na hilo lilimuuma zaidi, kwa sababu tusi angaliweza kulijibu.

Siku moja alivumilia mpaka akashindwa. Akaenda kwa Mhindi muuza baiskeli, akaomba simu, akasimama katikati ya magurudumu yaliyotundikwa akiishika kwa mikono miwili.

"Halo, zimamoto."

Ilikuwa sauti yake.

"Naungua," alisema Thuraya.

Alimsikia akivuta pumzi.

"Bibi," alisema Tarsis, "simu hii ni ya moto tu." Akakata.

Jioni ile ami yake alimwita. Palikuwa na mfanyabiashara wa Tabora, Abdulla, mzee, mwenye wake wawili, ambaye habari za Kariakoo hazijamfikia. Akubali kabla hazijamfikia.

"Ami, mimi nina pa kukataa?"

"Huna, mwanangu," alisema Ghanim, naye akainamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeunguliwa.

Akaozwa kwa wakili, bwana akiwa Tabora, na kesho yake shangazi yake Hind akampeleka stesheni ya reli amsindikize mpaka Tabora. Thuraya alivaa buibui jipya na viatu vilivyombana, mikono ina hina ambayo hakuomba kupakwa. Wapagazi walipiga kelele, masanduku yalipita juu ya vichwa, garimoshi lilikuwa linatoa mvuke. Ghafla watu wakaanza kukimbia huku na huku, na hakuhitaji kuuliza wanakimbia nini.

Tarsis alikuja mbio bila tarabushi, vifungo vimefunguka, kamba ya Jeki mkononi.

"Thuraya! Mpenzi wangu, wachuuzi wameniambia unasafiri, nisikilize. Jana Maalim alinisomesha najisi. Mara saba, moja kwa udongo. Nikaenda uchochoroni na Jeki, akaketi pale wanapomimina mafuta. Palikuwa pamechotwa, alama za vidole zipo! Nimekwisha kumwambia ofisa. Sasa hivi naenda kwa ami yako, nitapiga magoti, nitasema mbele ya Kariakoo nzima."

"Nimeozwa jana, Tarsis."

Machozi yakamtiririka bila kuyafuta, mwanaume mzima, katikati ya wapagazi.

"Kwa nini hukuniambia? Ungesema neno moja tu siku ile!"

"Ningelisema," aliuliza Thuraya polepole, "ungemwamini nani?"

Tarsis akashusha macho, akamtazama mbwa. Hakukusudia. Yalikuwa mazoea ya kazi, kila aulizwapo swali gumu.

"Umeona?" alisema Thuraya.

Hakulisema kwa hasira, hasira ingalikuwa nafuu kwa wote wawili. Alikuwa bado anampenda, alilijua hilo kama ajuavyo jina lake, na alijua vilevile kwamba halitamfaa kitu Tabora. Jeki, ambaye hakuwa na kosa na mtu, alijisogeza akaulamba mkono wenye hina, taratibu, mgongo na kiganja.

"Najisi!" alipiga kelele Hind kutoka mlangoni mwa behewa. "Astaghfirullah, mwali huyu! Utaingiaje humu na mkono huo? Nawa! Birika hili hapa. Na udongo? Udongo tunaupata wapi kwenye mawe haya ya reli?"

Tarsis alimfunga Jeki kwenye nguzo. Akavuka reli, akaenda mpaka kwenye ua wa miti, akapiga magoti akachota udongo kwa mkono. Akaunusa mwenyewe. Akautupa. Akasogea mbele zaidi, akafukua chini, akachota mwingine, akautia puani na kuunusa kwa muda mrefu, na Jeki pale nguzoni anamtazama tu.

Akarudi nao katika viganja viwili.

"Huu hauna kitu," alisema.

"Nakuamini," alisema Thuraya.

Akampokea udongo ule. Vidole vyao havikugusana. Akausugua kiganjani, mgongoni, katikati ya vidole, na Hind akamimina maji akinung'unika. Tarsis alisimama akihesabu pamoja nao, hakujua kwamba anahesabu kwa sauti, na watu waliopita walimshangaa. Alipotaja saba, kipenga cha garimoshi kilikuwa kimekwisha kulia.

Thuraya akapanda, akakaa upande wa dirisha. Mkono wake ulikuwa safi. Akauweka juu ya mapaja, akaufunika na buibui, na garimoshi lilipoondoka hakuutoa kumpungia.