Msiba wa Shangazi Mwanne

Ikifika mchana, zahanati ile ya karibu na Chiungutwa ilikuwa kimya. Akina mama waliokuja kupima watoto walikuwa wamekwisha kurudi kwenye mikorosho yao. Hapo ndipo muuguzi Helena alipofungua kitabu chake. Akisikia hatua za mtu, alikificha chini ya meza.

Helena alikuwa na stashahada ya uuguzi. Alitaka shahada. Alisikia redioni kwamba chuo kimoja huko Mtwara kinafundisha wauguzi walio kazini. Wanasoma Ijumaa na Jumamosi, siku nyingine wanaendelea na kazi. Hakumwambia yeyote. Nyumbani alikaa na mtoto wake, Regina; mumewe alifanya kazi Songea na alirudi mara chache. Unyagoni alifundwa kwamba jambo changa halitangazwi, kama mimba. Basi akayabeba masomo yake vivyo hivyo. Lakini mzigo wa siri hauna wa kukutwisha wala wa kukutua. Akikwama kwenye kitabu, alitazama ukuta.

Siku ya kupeleka maombi alikuwa na zamu. Alimwendea Bwana Nathanaeli, mganga mfawidhi aliyeisimamia zahanati, akasema ana msiba. Amefiwa na nani? Na shangazi yake, Mwanne wa Mkunya. Neno lilimtoka kabla hajalipima. Nathanaeli akampa pole, akamruhusu.

Chuoni walivitazama vyeti vyake na leseni yake. Kisha karani akauliza barua ya ruhusa ya mwajiri iko wapi. Helena hakuwa nayo. Karani akamweleza kwa upole kwamba bila barua hiyo hawampi mtu nafasi. Wengi wameanza kwa kificho, zamu zikawashinda, wakaishia njiani.

Alirudi nyumbani jioni. Barazani kwake palijaa watu. Mikeka ilikuwa imetandikwa. Mama Yuster, mhudumu wa zahanati, alikuwa akikoka moto, na kando yake palikuwa na kuni, unga wa muhogo na kuku. Katikati ya mkeka alikaa shangazi Mwanne mwenyewe, akitafuna muhogo wa kuchoma.

Helena alisimama ukingoni mwa mkeka. "Shikamoo, shangazi," alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Kijana wa bodaboda kaniletea habari kwamba nimekufa. Nimekuja kuuliza niliumwa nini."

"Na sisi tumekwisha kulia, Mama Regina," alisema Mama Yuster. "Machozi hayarudishwi."

Wengine walicheka, wengine walinuna. Mama mmoja alimchukua kuku wake, akaondoka naye bila kuaga. Walipobaki shangazi, Mama Yuster na Nathanaeli, ambaye naye alikuja kutoa pole, Helena alieleza yote.

"Mimi nilisoma hivyo hivyo, nikiwa kazini," alisema Nathanaeli. "Ungeniuliza."

"Niliogopa nikikosa watu watanicheka."

"Na leo je?" Mama Yuster akauliza.

Nathanaeli akaendelea. "Masomo ya namna hii hayasomwi na mtu mmoja. Nikijua, naipanga zamu yako mapema. Barua unamwandikia mkurugenzi wa halmashauri. Inapita kwangu, kisha kwa mganga mkuu wa wilaya. Inachukua muda, kwa hiyo usingoje siku ya mwisho."

Akamshauri apige simu chuoni kwanza, maana kila chuo kina masharti yake. Ahakikishe chuo kimesajiliwa, na leseni yake haijaisha muda. Tena ajifunze kompyuta, kwani siku hizi kazi nyingi za darasani hutumwa kwa mtandao.

Shangazi Mwanne akafuta mikono. "Mimba tulikufunda uwafiche wapita njia," alisema. "Nani alikwambia umfiche mkunga? Nawe si ndiye unayewagombeza wajawazito wakichelewa kliniki?"

Mwaka ule nafasi zilimpita. Helena aliandika barua yake, akasubiri. Kwa miezi mingi watu walimwuliza njiani leo kafa nani. Wengine walikoma kumsalimu, na hilo lilimuuma zaidi. Lakini mchana kitabu kilikaa juu ya meza. Nathanaeli alimweleza pale alipokwama. Mama Yuster, ambaye hakujua hata neno moja la kitabu kile, alimshikia majibu asiyachungulie. Barua ilirudi na ruhusa. Helena akaipeleka mapema pamoja na vyeti vyake.

Msimu wa korosho uliofuata alipata nafasi. Shangazi Mwanne alishuka kutoka Mkunya kuja kukaa na Regina. Darasani Helena hakumjua mtu. Alikaa nyuma. Karibu na dirisha palikuwa na muuguzi mwingine, peke yake, amegeuzia uso ukutani. Alikuwa akiongea kwa simu kwa kunong'ona, akimwambia mkubwa wake wa kazi kwamba mtoto anaumwa sana, bado wako hospitali.

Alipokata simu, Helena alisogeza kiti chake hadi viti vikagusana.

"Mtoto hajambo?" aliuliza.

Yule mwanamke aliificha simu chini ya daftari.

"Basi ngoja nikusimulie," Helena alisema, "jinsi nilivyomuua shangazi yangu."